Uchambuzi: Kazi za kompyuta, mtihani ambao chuo hakiwafundishi vijana wa Kamina

Kijana wa Kamina aliyemaliza informatike na anayetaka kuishi kwa kuandika programu anakabiliwa na mitihani miwili. Wa kwanza ni wa chuo: syllabus, interro, kikao cha mitihani, kisha kutetea TFC mbele ya walimu. Wa pili ni wa mwajiri: dakika 45 au saa nzima, mara nyingi kwa simu au kwa video, mbele ya mtu asiyemjua. Mtu huyo anampa tatizo na kumwomba alitatue huku akieleza kwa sauti kila anachofikiri. Mtihani wa kwanza anauandaa kwa miaka mitatu au mitano. Wa pili anaingia bila kuuandaa hata siku moja.

Katika miji ambako kazi hizi ni nyingi, vijana wanaziba pengo hilo kwa mahojiano ya majaribio. Wawili wanakaa, mmoja anajifanya mwajiri, mwingine anajifanya mwombaji kazi, saa inawekwa mezani, na baadaye wanabadilishana. Swali kwa Haut-Lomami ni kama desturi hiyo inaweza kufaa mahali umeme unakatika na mega za intaneti zinahesabiwa moja moja. Inaweza kufaa, kwa sababu sehemu yake kubwa haihitaji umeme wala intaneti. Lakini haileti kazi peke yake, na anayeiuza kama dawa ya ukosefu wa kazi anawadanganya vijana.

Kwa nini suala hili sasa

Kamina ni mji uliolelewa na reli. Njia kutoka Bukama kwenda Ilebo ilifunguliwa mwaka 1928, na tawi la kwenda Kabalo likaunganishwa mwaka 1956. Kwa vizazi viwili au vitatu, mzazi wa Kamina alijua mshahara unatoka wapi: kwenye reli, kwenye kituo cha kijeshi, kwenye ualimu au kwenye biashara. Tangu mwaka 2015 mji umekuwa makao makuu ya jimbo, na ofisi za serikali zimeongezeka. Lakini vijana wanaotoka vyuoni ni wengi kuliko viti vilivyo katika ofisi hizo.

Wakati huohuo, Kinshasa imeandika sheria zinazotazama upande wa kompyuta. Mwaka 2019 serikali ilitangaza mpango wa taifa wa numérique hadi 2025. Septemba 2022 ilitoka sheria ya kuendeleza ujasiriamali na kampuni changa, na tarehe 13 Machi 2023 ikatiwa sahihi Code du numérique. Julai 2022 Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Nairobi, Kigali na Kampala zimekwisha kujenga soko la kazi hizi. Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliipa Starlink leseni, baada ya kuikataza mwaka mmoja kabla.

Kwa maneno mengine, mlango unafunguka polepole. Lakini sheria haimwambii kijana afanye nini siku mwajiri anapompigia simu. Hapo ndipo wengi wanaanguka, na mara nyingi wanaanguka wakiwa wanajua kazi.

Mwajiri anatafuta nini

Asiyewahi kukaa kwenye mahojiano haya hudhani ni swali na jibu: ukijua umepita, usipojua umeshindwa. Sivyo yanavyokwenda, na mfano mmoja unatosha kuonyesha.

Tuseme mwajiri anasema hivi: kuna orodha ya namba za tiketi 1,000 za abiria wa treni, tafuta kama kuna namba iliyouzwa mara mbili. Mwombaji mwenye haraka anaanza kuandika msimbo papo hapo. Mwombaji aliyefanya mazoezi anauliza kwanza. Je, namba zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa au zimechanganyika? Orodha inaweza kuwa tupu? Tukipata namba moja iliyorudiwa tusimame, au tutafute zote? Kuuliza si ujinga, na katika mahojiano haya kuuliza ni sehemu ya maksi.

Baada ya hapo anasema njia rahisi, hata kama si nzuri: kuchukua kila tiketi na kuilinganisha na nyingine zote. Kisha anahesabu gharama yake mwenyewe. Kwa tiketi 1,000, njia hiyo inaweza kufikia milinganisho 499,500. Halafu anatoa njia bora: kupita kwenye orodha mara moja, na kila namba inayoonekana kuiandika kwenye daftari linalofunguka papo hapo kwenye ukurasa unaotakiwa. Namba ikikutwa tayari imo daftarini, imerudiwa. Sasa kazi ni kuangalia daftari mara 1,000 tu. Bei yake ni nafasi: daftari linakula memori ya kompyuta. Mwisho anajaribu jibu lake kwa orodha ndogo ya namba nne au tano, akilifuata mstari kwa mstari kwa kidole, kabla mwajiri hajamwambia.

Hatua ni tano: kuuliza, kutoa njia rahisi, kuhesabu gharama, kuboresha, kujaribu. Mwanafunzi mzuri wa informatike anayajua yote hayo kichwani. Asilolizoea ni kuyasema kwa mpangilio mbele ya mtu huku dakika zinakwenda. Mwombaji anayekaa kimya dakika kumi kisha akaandika jibu sahihi anaweza kuachwa, na anayefika nusu ya njia akiwa anaeleza vizuri anaweza kuchukuliwa. Mwajiri anajiuliza swali moja: nitaweza kufanya kazi na huyu?

Woga nao unapimwa

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na wa Microsoft, nchini Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi 48 wa kompyuta. Wote walipewa tatizo la aina hii. Nusu walilitatua ubaoni huku msimamizi akiwatazama na wao wakieleza wanavyofikiri. Nusu nyingine waliachwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya zaidi, kwa kiwango kilichoshuka zaidi ya nusu. Katika kundi lililotazamwa, hakuna mwanamke hata mmoja aliyefaulu. Katika kundi la waliokuwa peke yao, wanawake wote walifaulu. Kundi lilikuwa dogo, na watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba hesabu hiyo ya wanawake isichukuliwe kama neno la mwisho. Lakini ujumbe mkuu uko wazi: mahojiano haya yanapima maarifa na woga kwa pamoja, na kutoka nje ni vigumu kujua kipi kimemwangusha mtu.

Kwa mwanafunzi wa Haut-Lomami woga huo una mizizi ya ziada. Shule yetu kwa sehemu kubwa inamfundisha mtoto kusikiliza, kunakili na kurudisha. Katika Examen d'État anachagua jibu kati ya yaliyoandikwa. Haombwi kueleza amelifikiaje. Chuoni, anayemuuliza profesa maswali mengi anaweza kuonekana hana adabu. Kisha siku moja mtu mzima, mwenye cheo, anamwambia: fikiri kwa sauti, niulize, nipinge ukiona nimekosea. Mwili wenyewe unakataa.

Kuna pia suala la lugha. Nyumbani ni Kiluba, barabarani ni Kiswahili, darasani ni Kifaransa, na kampuni nyingi za nje zinahoji kwa Kiingereza. Kusoma Kiingereza cha kompyuta si jambo gumu sana kwa aliyezoea. Kukitumia kueleza fikra ambayo bado inajengeka kichwani ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni misuli, na misuli haijengwi kwa kusoma.

Waliokwisha kujaribu

Mfano wa karibu zaidi barani uko Addis Ababa. Mwaka 2019 Emre Varol, mhandisi aliyefanya kazi Google, alianzisha huko mpango wa A2SV, jina lenye maana ya kutoka Afrika hadi Silicon Valley. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ethiopia hawalipi kitu. Wanakutana kwa miezi mingi, wanatatua matatizo kwa mamia, na wanahojiana wao kwa wao kabla ya kwenda mbele ya mwajiri. Baadhi yao wameajiriwa na Google na kampuni nyingine kubwa, na mpango ukapanuka hadi Ghana.

Fundisho la Addis Ababa haliko kwenye jina la Google. Liko kwenye utaratibu: watu walewale, saa ileile, wiki baada ya wiki. Ethiopia nayo inajua kukatika kwa intaneti na umeme. Kilichowasogeza mbele wanafunzi hao ni kundi ambalo halikutawanyika.

Mfano wa pili unatufundisha tahadhari. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi mwaka uliofuata, kisha Kampala na Kigali. Ilichukua vijana wenye akili, ikawafundisha kwa mshahara, ikawaunganisha na kampuni za nje. Wengi waliamini njia imepatikana. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza karibu wafanyakazi 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walikuwa wanataka wenye uzoefu, si wanaoanza. Vijana hao walikuwa wameshapita mahojiano magumu. Soko ndilo lililobadilika.

Pré-défense ya kazi

Kamina haihitaji kungoja mpango kutoka nje, kwa sababu wazo lenyewe si geni. Kila mwanafunzi anajua pré-défense: kabla ya siku kuu, wenzake wanakaa mbele yake, wanamuuliza maswali ya kumchokoza, wanamwonyesha pale anapojikanyaga. Mahojiano ya majaribio ni pré-défense ya kazi. Tofauti ni kwamba hayafanyiki mara moja. Yanarudiwa mpaka woga uchoke.

Yanahitaji watu watatu, ubao au karatasi, na saa. Mmoja anahoji, mmoja anahojiwa, wa tatu ananyamaza na kuandika anachokiona. Tatizo analileta anayehoji, na lazima alijue vizuri kuliko mwenzake. Kwa hiyo hata yeye anajifunza. Kwa dakika 45 hakuna kucheka na hakuna kumpa mwenzako jibu kwa huruma. Anayehoji anaruhusiwa kutoa kidokezo kimoja au viwili, kama mwajiri wa kweli anavyofanya. Dakika 15 za mwisho ni za ukweli: uliuliza maswali gani, ulinyamaza wapi, ulijaribu jibu lako au ulilitupa tu. Kisha zamu zinageuka.

Kuandika kwa mkono kunawasumbua wengi waliozoea kompyuta iwasahihishe. Hapa Kamina kunageuka kuwa faida: umeme ukienda, kazi inaendelea. Matatizo ya mazoezi yanaweza kupakuliwa siku moja yenye mtandao mzuri, yakanakiliwa daftarini, yakatosha kwa miezi. Simu ya kawaida inarekodi sauti, na anayejisikiliza baadaye hugundua mambo ambayo rafiki aliona aibu kumwambia. Wiki moja wanahoji kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiingereza, hata kama kimevunjika.

Jambo moja linapaswa kuangaliwa: makundi ya namna hii hugeuka haraka kuwa ya wavulana watupu, tena marafiki. Msichana anapoingia anajikuta anahojiwa na watu wanaotaka kumwonyesha kuwa hajui. Kwa kuangalia yaliyoonekana kwenye jaribio la 2020, yeye ndiye ambaye mazoezi mbele ya wenzake wenye heshima yanaweza kumsaidia zaidi. Kundi lisilompa nafasi linapoteza watu wake bora.

Kutoiga kila kitu

Kosa kubwa lingekuwa kufanya mazoezi ya mahojiano ya California tu. Kazi nyingi zilizo karibu na mhitimu wa Kamina haziko huko. Ziko benki, kwenye kampuni za simu, kwenye mashirika ya misaada, kwenye kampuni za migodi na wanaozihudumia huko Kolwezi na Lubumbashi, na katika idara za jimbo zinazoanza kuweka mafaili kwenye kompyuta. Mwajiri wa aina hiyo ana haja ndogo ya mafumbo ya algoriti. Anataka kujua kama unaweza kupanga hifadhidata ya wafanyakazi, kutafuta kosa kwenye programu iliyoandikwa na mtu mwingine, kulinda data umeme unapokatika ghafla, na kumweleza mhasibu asiyejua kompyuta kwa nini ripoti yake imechelewa.

Hata Google yenyewe ilijirekebisha. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia wafanyakazi wake, alisema wazi kwamba mafumbo ya kuzungusha akili ambayo kampuni ilikuwa ikiwauliza waombaji yalikuwa kupoteza muda, kwani hayakutabiri nani atafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo kundi la Kamina lingefanya vema kugawa mazoezi mara tatu: tatizo la kutatua ubaoni, maelezo ya kazi uliyokwisha kuifanya, hata kama ni programu ya TFC au ya duka la mjomba, na maswali ya tabia, kama vile ulifanya nini ulipokosana na mwenzako. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoulizwa karibu kila mahali. Mhitimu asiyeweza kueleza TFC yake mwenyewe kwa dakika tano, bila kusoma, anamfanya mwajiri ajiulize ni nani aliyeiandika.

Mahali mazoezi yanapofikia kikomo

Ukweli mwingine lazima usemwe. Mahojiano ya majaribio hayashindi piston. Pale ambapo jina la mtu wa kuajiriwa limeandikwa kabla ya tangazo kubandikwa, hakuna ubao utakaolifuta. Yanamsaidia kijana pale tu ambapo mashindano ni ya kweli. Ndiyo maana kampuni zinazoanza kwa mtihani wa maandishi au wa mbali, ambako jina la ukoo halisomwi kwanza, zinastahili kutafutwa zaidi.

Hayaondoi pia vikwazo vya mahali. Kamina iko karibu kilomita 600 kwa reli kutoka Lubumbashi, na anayeitwa huko kwa mahojiano anabeba nauli na malazi kabla hajapata faranga moja. Anayehojiwa kwa video ana hesabu nyingine. Saa 4 asubuhi ya California ni saa 1 au saa 2 usiku Kamina, kutegemea msimu. Ni saa ambazo mtandao umejaa na umeme hauna ahadi. Hata ndani ya nchi, saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na aliyesahau hilo anafika saa nzima kabla mwenzake hajawa tayari. Betri iliyojaa, simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine, na ujumbe wa mapema kwa mwajiri kwamba umeme unaweza kukatika ni sehemu ya maandalizi sawa na algoriti.

Kisha kuna akili bandia. Tangu mwishoni mwa 2022 programu za aina ya ChatGPT zinaweza kutatua mengi ya matatizo yanayoulizwa kwenye mahojiano, na baadhi ya waombaji wanazitumia kwa siri huku wanahojiwa. Kampuni zimeanza kujilinda. Mwaka 2025 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema kampuni yake itakuwa na angalau awamu moja ya mahojiano ya ana kwa ana. Kwa anayeishi San Francisco hiyo ni safari ya basi. Kwa wa Kamina ni pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Udanganyifu wa wachache mbali huko unaweza kumfungia mlango yule aliyekuwa anategemea video peke yake.

Hata hivyo mabadiliko hayo yanaongeza thamani ya mazoezi. Mashine ikijua kuandika msimbo, mwajiri atazidi kuuliza: kwa nini umechagua njia hii, itavunjika wapi, ungefanya nini kama tiketi zingekuwa milioni? Maswali hayo yanamtaka mtu aliyezoea kutetea fikra zake, na mazoezi ya kutetea fikra ndiyo vijana wetu wanayoyakosa zaidi.

Nani aanze

Vyuo vina nafasi. Mabadiliko ya LMD, yaliyoleta licence ya miaka mitatu na master ya miaka miwili, yanasisitiza uwezo wa kufanya kazi badala ya kukariri peke yake. Saa mbili kwa wiki za mahojiano ya majaribio katika mwaka wa mwisho hazihitaji maabara mpya. Zinahitaji mwalimu anayekubali kuulizwa maswali. Ofisi ya taifa ya kazi, ONEM, na taasisi ya mafunzo ya ufundi, INPP, nazo zingeweza kuwaalika wenye uzoefu walio Lubumbashi au Kolwezi wahoji vijana kwa simu, mara moja kwa mwezi, na kuwaambia ukweli.

Lakini hakuna sababu ya kungoja ofisi. Wahitimu watatu wanaweza kuanza Jumamosi hii chini ya mti, kwa kipande cha chaki. Katika miezi sita hawatakuwa na hakika ya kupata kazi. Watakuwa na kitu kidogo zaidi, lakini cha kweli: siku mwajiri atakapopiga simu, haitakuwa mara yao ya kwanza kujibu.